Maji Kwanza, Kayaki Baadaye: Kuanza Kuvua Upya Baada ya Kuhama

Mvuvi akihama, vyombo vyake vya nyumbani hufika pamoja naye, lakini ujuzi wake mwingi hubaki alikotoka. Huko alijua ni jiwe gani lina kambare nyuma yake, ni mti gani ulioanguka majini unaowapa samaki kivuli jua linapokuwa kali, na ni majira gani maji huchafuka kiasi kwamba ni heri ashinde nyumbani akishona nyavu. Nilipohama bara, kwenye mto mpana niliouvua tangu utotoni, na kuja kukaa karibu na mlango wa mto mwingine unaomwaga maji yake baharini, nilikuja na ndoana zilezile, ufito uleule na mikono ileile. Maji ndiyo yaliyokuwa mageni. Asubuhi yalikwenda upande mmoja, mchana yakarudi upande mwingine. Palipokuwa na kina cha kumzamisha mtu saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri palikuwa na tope tupu na ndege wakidonoa.

Ukingo nao haukufikika. Kulikuwa na mizizi iliyosokotana na matope yanayomeza mguu hadi gotini, na ng'ambo ya mkondo, karibu na vichaka, samaki wakiruka kana kwamba wanajua hakuna wa kuwafikia. Mashua yenye mashine isingeweza kuingia kule kwa uchache wa maji. Hapo ndipo nilipoanza kuifikiria kayaki: chombo kinachoelea kwenye maji yasiyofika goti, kisichonguruma, kisichotaka mafuta, na ambacho mtu mmoja anaweza kukishusha majini bila kuita msaada. Tangu hapo nimevua kwa kayaki kila nilipopata nafasi, na nimekuwa na msimamo ambao naueleza kwa kila anayeniuliza aanzie wapi. Anayehamia eneo jipya ajifunze maji kwanza, anunue chombo baadaye, na samaki awaweke mwisho wa orodha.

Najua msimamo huu unamkera mtu mwenye hamu. Hamu ninayo hata mimi. Lakini katika maji yanayojaa na kupwa, hakuna ramani itakayokufundisha kama kutembea ukingoni maji yakiwa yamekupwa kabisa, hasa siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Siku hizo jua na mwezi huvuta kwenye mstari mmoja, kwa hiyo maji hupanda sana na kushuka sana, na kila kilichofichika hujitokeza: mifereji inayopitisha maji ya mwisho, vilima vya mchanga, mawe yaliyoota chaza, vigingi vya gati lililooza zamani. Samaki hupita kwenye mifereji hiyohiyo maji yakianza kurudi, maana ndimo maji yanamoingia kwanza, na ndimo kamba na kaa wadogo wanamosombwa. Nilikuwa nasimama sehemu moja, napiga picha kwa simu, nikihakikisha kwamba ndani ya picha kuna mti au nguzo ambayo hata maji yakijaa nitaitambua. Baadaye, nikiwa juu ya kayaki na uso wa maji ukiwa sawasawa kila upande, nilijua mfereji ulipo kwa kupatanisha ule mti na ile nguzo. Hakuna kifaa cha sonari ninachokithamini kuliko zile picha.

Kuyajua maji ni pamoja na kuijua saa yake. Kwenye pwani nyingi duniani, kutoka maji kujaa hadi kujaa tena hupita takriban saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Lakini hayaendi kwa kasi moja. Mabaharia wana kanuni ya sehemu 12: katika saa ya kwanza ya kupwa hutoka sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu sehemu 3, ya nne sehemu 3, ya tano sehemu 2, na ya sita sehemu 1. Piga hesabu uone: nusu ya maji yote hutoka katika saa mbili za katikati. Kwa mtu anayetegemea mikono yake, hizo ndizo saa za mkondo mkali, na ndizo ninazozikwepa kwenye sehemu nyembamba. Kanuni hiyo ni makadirio, na kila pwani ina tabia yake. Katika Ghuba ya Fundy nchini Kanada tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kufikia mita 16. Sehemu kubwa ya Bahari ya Mediterania tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba mgeni anaweza asiitambue. Aliyehama kutoka moja kwenda nyingine hana budi kuanza darasa la kwanza, hata kama amevua miaka mingi.

Kwa hiyo safari zangu huanza kwa kupanda dhidi ya mkondo, nguvu zikiwa bado mwilini, ili wakati wa kurudi maji yanibebe. Ni jambo dogo sana kulipanga na ni kubwa sana kulikosa. Mtu wa ziwani, ambaye hana kujaa na kupwa, apange hivyohivyo kwa upepo: aanze kwa kuukabili, arudi ukimsukuma mgongoni.

Na upepo ndio ninaotaka kukaa nao zaidi, kwa sababu mgeni huuangalia kwa jicho la nchi kavu. Nchi kavu upepo ni starehe. Majini, juu ya chombo kifupi na chepesi chenye mtu aliyekaa wima, wewe mwenyewe ndiye tanga. Mtu wa kawaida hupiga kafi kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa hivi akiwa na mizigo yake ya uvuvi. Kwenye kipimo cha Beaufort, kinachopanga nguvu za upepo kwa madaraja, upepo wa daraja la 3, yaani kilomita 12 hadi 19 kwa saa, huanza kuvunja vichwa vya mawimbi huku na huku. Daraja la 4, kilomita 20 hadi 28, huyafanya mapovu meupe yaonekane mara kwa mara. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake: kasi ikiwa maradufu, msukumo unakuwa mara nne. Kwa sababu hiyo ile asubuhi uliyokuwa ukisema "upepo upo kidogo tu" inaweza kugeuka kabisa kabla hujamaliza kubadilisha chambo.

Upepo wa hatari kuliko wote ni ule unaotoka nchi kavu kwenda majini. Unapokuwa umesimama ufukweni, maji mbele yako yametulia, kwa sababu miti na nyumba nyuma yako zinayakinga, na wimbi halijapata masafa ya kukua. Unaingia bila wasiwasi. Unavua, unasogea, unavua tena. Kila mita unayosogea, kinga inapungua na upepo unaongezeka, nao unakusukuma uendako tayari, kwa hiyo huuhisi. Unauhisi pale unapogeuza gubeti, yaani ncha ya mbele ya chombo, kurudi. Ndiyo maana mimi nikikuta upepo wa namna hiyo, hata ukiwa mdogo, navua nikiambaa na ukingo au natafuta upande mwingine. Upepo ukipambana na mkondo nao ni shida ya aina yake: wimbi linakuwa fupi na wima, na kayaki haipati nafasi ya kulipanda taratibu. Utabiri wa hali ya hewa nausoma saa kwa saa, na macho yangu huenda kwenye kasi ya mivumo ya ghafla kabla ya wastani, kwa sababu mvumo mmoja unatosha kumgeuza mtu.

Kila eneo lina ratiba yake ya upepo, na hii ndiyo sehemu ambayo mgeni anaweza kujifunza bila kulowa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa juu yake inapanda, na hewa ya baridi kutoka majini inaingia kujaza nafasi. Kwa hiyo pwani nyingi na hata kando ya maziwa makubwa, asubuhi hutulia na alasiri huvuma. Lakini inaanza saa ngapi pale ulipo? Kwenye kona ipi inavuma zaidi? Inakufa jua likishuka au inaendelea hadi usiku? Nilikuwa na daftari, nikipita pale ufukweni asubuhi na jioni naandika. Daftari lile ndilo lililonipangia saa za kuvua, na hadi leo nalifungua kabla ya kufungua kisanduku cha chambo.

Ziwani kuna faida nyingine ya kuujua upepo. Ukivuma siku kadhaa upande mmoja, husukuma maji ya juu yenye joto pamoja na vijidudu vinavyoelea hadi ukingo ambako upepo unaelekea, samaki wadogo wanafuata chakula, na wakubwa wanawafuata wadogo. Mvuvi wa kayaki anayejua kukaa salama karibu na ukingo huo ana kazi nzuri mbele yake.

Kuhusu baridi nitasema kwa ufupi lakini kwa uzito wote. Maji hunyonya joto la mwili haraka mara 25 hivi kuliko hewa yenye kiwango kilekile cha joto. Gordon Giesbrecht, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada, ameifundisha dunia kanuni ya 1-10-1 kwa anayeangukia maji ya baridi kali: dakika 1 ya kuitawala pumzi inayokuruka, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na saa 1 kabla fahamu hazijapotea. Kinachoua wengi ni ile dakika ya kwanza na zile kumi, kabla hata mwili haujapoa. Kwa hiyo vaa kwa ajili ya maji, usivae kwa ajili ya hewa. Kuna siku jua linawaka na maji bado ni ya baridi ya kutisha, na hiyo ndiyo siku inayowadanganya watu. Kwenye maji ya uvuguvugu adui ni jua lenyewe: mikono mirefu, kofia yenye ukingo mpana, na maji ya kunywa kuliko unavyodhani utahitaji.

Sasa chombo. Kayaki ilizaliwa kwenye nchi za barafu. Wainuit, Wayupik na Waaleuti waliijenga kwa fremu ya magogo yaliyoletwa na bahari au mifupa ya nyangumi, wakaivika ngozi ya sili, na kila mwindaji alijengewa ya kwake kwa vipimo vya mwili wake mwenyewe, mikono na nyonga. Nalitaja hili kwa sababu ndilo shauri bora la kununua kayaki ninalolijua. Anza na mwili wako. Una kilo ngapi ukiwa umevaa, ukiongeza nanga, maji, sanduku la vifaa na samaki? Kila kayaki ina uzito wa juu iliyopimwa kuubeba. Mimi nataka niishie kwenye theluthi mbili ya uzito huo, kwa sababu kayaki iliyojazwa hadi mwisho inazama shetri, yaani upande wa nyuma, inakuwa nzito kugeuza, na maji yanaingia kupitia matundu ya sakafuni. Je, unaweza kuinyanyua peke yako umechoka? Kayaki nyingi za uvuvi zina kilo 25 hadi 40 au zaidi, na ile usiyoweza kuibeba itakaa nyumbani.

Wavuvi wengi leo hutumia kayaki ya kukalia juu, ambayo haina shimo la kuingiza miguu. Tim Niemier wa California alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwa uvuvi wazo hilo ni zawadi: mikono na miguu iko huru, mawimbi yakimwagika sakafuni yanatoka yenyewe kupitia matundu, na ukianguka hakuna kinachokufungia ndani. Kuhusu umbo, fupi na pana imetulia na inageuka upesi, lakini ni nzito kuisukuma. Ndefu na nyembamba inakata maji ila inataka mwenye kuizoea. Kwenye vijito na mabwawa, mita 3 zinatosha. Kwenye maji wazi ningependa karibu mita 4. Ziko pia za kukanyaga kwa miguu. Kampuni ya Hobie ilileta mfumo wake wa mapezi mwaka 1997, na mtu anayevua huku akisafiri hufurahi kuwa na mikono miwili huru. Mimi nilichagua kafi kwa sababu kule kwenye matope mapezi ya chini yanagusa. Wewe ukiwa na maji ya kina, fikiria upya. Azima au kodi aina mbili tatu kabla hujatoa fedha zako, uzijaribu kwenye maji utakayoyavua, siyo kwenye bwawa lililotulia.

Na kabla hujafunga hata kishikio kimoja cha ufito, jifunze kurudi juu yake.

Hili nalirudia kwa kila mgeni, na wengi hulisikia kisha hulipita. Kurudi kwenye kayaki kutoka kwenye maji ya kina ni ufundi, na ufundi unafanyiwa mazoezi. Kayaki ikipinduka, ishike kama ndugu, usiiache. Inaelea vizuri kuliko wewe na inaonekana kwa mbali kuliko kichwa chako. Nenda katikati yake, nyoosha mikono juu ya tumbo lake lililogeukia juu, shika ukingo wa upande wa pili au kamba uliyoifunga hapo kwa kazi hiyo, weka magoti kwenye ukingo wa upande wako, kisha jitupe nyuma kwa uzito wako wote. Itageuka. Ikishageuka, usijaribu kupanda ukiwa umesimama wima majini kama mtu anayepanda ukuta, maana miguu itapita chini yake na utaivuta ikugeukie tena. Lala juu ya uso wa maji, miguu nyuma, piga miguu kwa nguvu kama unaogelea, na kwa msukumo huohuo jivute kifudifudi hadi kitovu kivuke katikati. Tulia hapo. Vuta pumzi. Kisha geuka taratibu ukae kwenye kiti, na miguu ndiyo iingie mwisho.

Nilifanya zoezi hilo kwanza kwenye maji ya kifuani, rafiki akiwa amesimama karibu. Halafu mahali ambapo miguu haigusi. Halafu nikiwa na nguo zote na jaketi okozi. Halafu siku yenye wimbi dogo. Jaketi lenyewe hubadilisha kila kitu, kwa sababu unene wake kifuani unakwama kwenye ukingo, na ni vizuri kulijua hilo mapema, karibu na nchi kavu. Mtu asiyeweza kurudi juu ya kayaki yake peke yake avue mahali anapoweza kusimama. Kuna samaki wa kutosha kwenye maji ya kiunoni.

Jaketi linavaliwa, halifungwi nyuma ya kiti. La povu lenye nguvu ya kuelea ya angalau nyutoni 50 ndilo linalotumiwa sana na watu wazima wanaojua kuogelea, na yapo yaliyokatwa fupi mgongoni ili kiti cha kayaki kisiyasukume juu. Kwenye jaketi langu kuna filimbi, na kisu kifupi ninachoweza kukifikia kwa mkono wowote, kwa sababu mishipi na kamba za nanga vina tabia ya kuzunguka mguu saa mbaya. Simu iko ndani ya mfuko usiopitisha maji. Anayekwenda baharini mbali na ukingo abebe redio ya VHF isiyoharibika kwa maji, chaneli 16 ikiwa ndiyo ya dharura, na aifunge mwilini mwake. Redio iliyobaki kwenye kayaki inayokwenda na upepo haina msaada. Na kabla ya kuondoka, mtu wa nchi kavu ajue umeshukia wapi, kayaki yako ni ya rangi gani, utarudi saa ngapi, na saa ngapi aombe msaada usiporudi.

Mengine niliyafundishwa na wenyeji. Mgeni akifika ufukweni na kuuliza samaki wako wapi, atapewa jibu la adabu lisilo na kitu ndani, na ni haki yao. Mahali pa samaki ni akiba ya mtu. Lakini muulize mvuvi wa pale ni wapi panapoua, atakuketisha chini akueleze. Hakuna mtu anayeficha hatari.

Kuna mzee aliyekuwa akishona nyavu zake karibu na mahali ninaposhushia. Nilimsalimu siku nyingi kabla ya kumuuliza chochote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye kile kidau cha plastiki?"

"Ndimi, mzee. Naomba unielekeze, ni wapi nisipite?"

Akaweka nyavu chini, akaninyooshea kidole. Pale kwenye ile ncha, maji yakipwa kwa nguvu, mkondo unakutana na wimbi na kuchemka. Nisipite saa hizo hata kama naona wengine wanapita kwa mashine. Kati ya maboya yale mawili pana nyavu za watu. Na mfereji ule mkuu ni njia ya mashua. "Wewe umekaa chini mno," akaniambia. "Mtu wa mashine anatazama mbele na gubeti lake liko juu. Hakuoni. Tundika bendera, iwe ndefu."

Nikatundika. Bendera ya rangi ya machungwa juu ya mlingoti mwembamba nyuma ya kiti, na usiku sivui bila taa nyeupe inayoonekana pande zote. Ni yeye pia aliyenionyesha ndege waliosimama mchangani, wote wameuelekezea upepo midomo yao. Ukiwa mbali na huna kifaa chochote, ukiwatazama wao unajua upepo umegeuka.

Sheria nazo zimebadilika ulipohama, hata kama jina la samaki ni lilelile. Leseni, urefu wa chini wa samaki wa kubeba, miezi ya kufungwa, maeneo ya hifadhi, wakati mwingine hata kayaki yenyewe kuandikishwa: yote hayo yaulizwe ofisini kwa wenye mamlaka ya uvuvi kabla ya kutupa ndoana. Na kuna wajibu mmoja wa mtu anayehama ambao hautajwi sana. Kayaki uliyoivulia kwenye maji ya zamani inaweza kubeba tope, vipande vya magugu na mayai ya viumbe hadi kwenye maji mapya. Kome wadogo wenye mistari, wenyeji wa eneo la Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, waligunduliwa katika Ziwa St. Clair, kati ya Marekani na Kanada, mwaka 1988, baada ya kuletwa ndani ya maji ya kusawazishia meli kubwa. Kisha kutoka kwenye Maziwa Makuu ya huko wakasambaa ziwa hadi ziwa, na vyombo vidogo vinavyovutwa na magari vilikuwa sehemu ya njia yao. Gugu maji, lililotoka Amerika ya Kusini, limeziba maji ya mabara kadhaa. Kwa hiyo osha kayaki, mwaga kila tone lililobaki ndani, ikaushe kabisa, pamoja na viatu, wavu na kamba ya nanga. Maji yaliyokupokea hayastahili kuletewa ugonjwa.

Baada ya hayo yote, ndipo uvuvi wenyewe, na hapa furaha ni kubwa kiasi kwamba maneno yananipungukia. Kayaki inataka vitu vichache. Ufito mmoja, au miwili kwa mtu aliyezoea, kisanduku kidogo, koleo ya kutolea ndoana, wavu wa mpini mfupi. Kila kitu kifungwe kwa kamba, kuanzia na kafi. Kuvua kwa kuelea na mkondo, ukiambaa na ukingo wa mfereji na chambo kikigusa chini mara kwa mara, ndiyo njia ninayoipenda, kwa sababu unaisoma sakafu ya maji kwa kidole kilichoshika mshipi: hapa tope, hapa changarawe, hapa chaza. Upepo ukikupeleka haraka, teremsha tanga la majini, kile kimwavuli cha kitambaa kinachokokotwa na kupunguza mwendo.

Nanga ina masharti. Usiifunge ubavuni kamwe, maana mkondo ukivuta kamba ubavu unazama na kayaki inageuka. Iwe gubetini au shetri, kwa kamba inayozunguka kwenye kapi ubavuni ili uweze kuihamishia mbele au nyuma bila kuinuka. Mwisho wa kamba uwe na boya na fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja, ili samaki mkubwa akikuvuta au mashua ikija uiachie nanga, uirudie baadaye. Kwenye mkondo mkali, usitie nanga kabisa.

Samaki akishika, atakuvuta, na hilo halipo kwenye uvuvi wa ukingoni. Kolekole wa ukubwa wa kawaida tu anaigeuza kayaki, anaielekeza gubeti kule anakotaka, na unakaa umeshikilia ufito mbele yako ukihisi chombo kizima kikisogea juu ya maji kwa nguvu za kiumbe usichokiona. Ufito uelekee gubetini, ili avute kwa urefu wa kayaki na si kwa ubavu wake. Legeza breki ya rili kuliko ulivyozoea, kwa sababu kayaki yenyewe inamchosha. Anapofika karibu, kichwa chako kibaki ndani ya kingo mbili. Mlete yeye kwenye wavu, usimfuate kwa kuinama. Mimi hubana kimwiba cha ndoana kwa koleo kabla ya kuvua. Samaki wa kurudishwa anatoka upesi bila kuumizwa, na ndoana ikiingia kwenye mkono wangu mbali na nchi kavu itatoka vilevile. Wa kurudishwa anashikwa kwa mkono uliolowa, anakaa ndani ya maji muda wote unaowezekana, na anashikiliwa hadi aondoke mwenyewe.

Ng'ambo ya ile ncha kuna mwamba wa nje, ambako wavuvi wa mashine huleta samaki wakubwa kuliko wangu wote. Sijafika huko kwa kayaki. Daftari langu halina bado majira kamili ya upepo wa upande ule, na safari yake inataka watu wawili wenye kayaki mbili na redio mbili, siku ya maji mafu mkondo ukiwa mdogo, kuondoka alfajiri na kuwa tumegeuza kurudi kabla upepo wa mchana haujaanza. Mwenzangu wa safari hiyo nimempata. Kwa sasa anafanya mazoezi ya kurudi juu ya kayaki yake kwenye maji ya kifuani, nami ndiye ninayesimama karibu.